Kuufuata Ubao wa Mama Kikaleni

Wengine husafiri kutafuta kazi, wengine kutafuta dawa. Mimi niliondoka Isingiro mwezi wa Novemba mwaka 1989 kwa sababu ya lipu. Ndiyo, lipu, ile ya saruji wanayopiga ukutani. Ukiona nacheka wakati nasimulia, usidhani ni furaha.

Mama yangu, Spesioza, alizaliwa ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Rwanda, akaja huku na wazazi wake akiwa msichana. Alikuja na ufundi wake mikononi. Alikuwa akichukua samadi ya ndama, anaichanganya na majivu na vitu vingine, kisha anaisimamisha ukutani kwa vidole, matuta membamba yaliyonyooka, yanayopandana pembe kwa pembe. Yakikauka anayapaka rangi, nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Kwao matuta hayo huitwa imigongo, yaani migongo, na shuleni wenzangu walinimaliza kwa hilo. "Domitila, leo mama yako kachora mgongo wa nani?" Sebule yetu yote ilikuwa hivyo. Wageni walisimama mlangoni wakasahau kusalimia. Mimi niliona haya. Machoni pangu tulikuwa tunaishi ndani ya mavi ya ng'ombe, basi.

Nilipokuwa mtu mzima, mjane mwenye cherehani yangu na shamba la kahawa, msimu mmoja mzuri ukanipa kiburi. Mama alikwenda kumwuguza jamaa yake kwa siku nne. Nikaita fundi. Aliporudi alikuta kuta zote laini na za kijivu kama za zahanati. Alisimama katikati ya sebule na mzigo wake kichwani, akapapasa ukuta kwa kiganja, akasema, "Umekuwa laini." Akaenda jikoni. Mpaka siku anakufa hakulitaja tena jambo hilo. Mdogo wangu Vestina ndiye aliyelitaja, na alilitaja miaka minne mfululizo, kila tulipokosana na hata tulipopatana.

Mama alikufa mwezi wa tano. Hatukuwa na picha yake hata moja. Kazi ya mikono yake iliyobaki duniani ilikuwa moja tu. Kabla ya mambo ya lipu, Bwana Utamaduni wa wilaya alipita vijijini akikusanya kazi za mafundi ili zitundikwe kikaleni. Kikale ndilo jina ambalo Wanyambo huliita boma la Mukama, mfalme wao wa zamani. Mama alimtengenezea migongo juu ya mlango mbovu wa zizi, ubao mzima, naye akaupakia garini akaondoka. Tangu hapo mama alikuwa akiniambia, "Nipeleke nikauone ulivyokaa," nami namjibu, "Tukishamaliza kuchuma kahawa, mama." Kahawa haiishi kuchumwa.

Wiki mbili kabla ya misa ya kumwombea, Vestina alikuja kwangu akakaa bila kukaribishwa. "Dada, kauazime ule ubao," alisema. "Tuuweke mbele siku ya misa. Ukiuleta, mimi na wewe tumemalizana. Sitataja lipu tena mpaka tunazikwa." Nikamtazama kama anatania. Hakuwa anatania. Vestina ndiye ndugu pekee niliyebaki naye.

Jumatatu alfajiri nilitoka Isingiro kwa miguu. Kichwani nilikuwa na kanga ya kuufungia ubao, na mkononi kopo la senene waliokaangwa vizuri na Vestina mwenyewe, kwa maana ulikuwa msimu wao na kikaleni huendi mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba, sioni hata ng'ombe anayelia karibu nami. Kwenye jua la saa tatu nilipata lori la kahawa, dereva akanipandisha juu ya magunia pamoja na mafundi wawili wa baiskeli na mwalimu mmoja aliyekuwa akitetemeka kwa homa. Tulikwenda polepole, barabara ilikuwa tope tupu. Kila baada ya vilima viwili tulisimama kupisha jeneza. Miaka ile ndivyo ilivyokuwa kwetu. Ugonjwa ulikuwa unaingia nyumba kwa nyumba, na watu walikuwa wameacha kuuliza marehemu kafa kwa nini.

Kimuli tulifika jioni. Nililala kwa Ma Anatolia, mama aliyenisimamia siku ya kipaimara. Nilimkuta uani anamenya ndizi, amepungua hata nikadhani ni dada yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Usikanyage pale."

Pale palikuwa na makaburi mawili ndani ya migomba, udongo bado mwekundu. Wanawe wa kiume wote wawili, Deo na mwenzake. Mmoja nilikuwa na habari zake, wa pili sikuwa nazo. Nikakaa chini nikalia kwanza, kama inavyotakiwa, naye akalia kidogo, kisha akafuta pua akaendelea kumenya ndizi.

Wakati wa kula aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamweleza. Akaacha tonge hewani.

"Ubao? Mwanangu, watu wanasafiri kufuata maiti, wewe unafuata ubao?"

"Ni mkono wa mama, Ma Anatolia. Hakuna kingine."

Akala tonge lake akanawa. Baadaye aliingia chumbani akatoka na shati la kaunda, la Deo, limekunjwa. Akaninusisha. Lilikuwa na jasho na moshi wa sigara. "Silifui," alisema. "Binti yangu anataka kulifua kila Jumamosi, ananiona nimekuwa mchafu. Nimemwambia, ukiligusa tutaonana wabaya." Akalirudisha ndani. Nililala vibaya, nikisikia mvua na kumfikiria mama akipapasa ukuta.

Jumanne asubuhi nilipanda lori jingine mpaka Omurushaka. Hapo mvua ilinikamata kwenye kibanda cha mwuza ndizi za kuchoma, mzee mmoja mchangamfu mwenye jino moja la mbele. Akaniuliza naelekea wapi na kopo langu.

"Kikaleni."

"Kwa Mukama! Utamkuta?"

"Sijui. Nasikia siku hizi ni nyumba ya picha."

"Eeh, ni nyumba ya picha," akasema, akicheka. "Zamani ulikuwa ukiingia mle bila kuitwa, hutoki. Siku hizi serikali inakuomba uingie na watu hawataki. Ulimwengu huu, waitu, jamani!"

Hapo ningecheka naye, lakini meno yangu yalikuwa yakigongana kwa baridi. Alinipa ndizi moja ya moto, akakataa senene, akisema zawadi ya kikale haionjwi njiani. Mvua ilipopungua nikaenda kwa miguu mpaka Igurwa, nikafika giza linaingia. Katekista mmoja wa Kilutheri na mkewe walinipokea bila kuuliza mimi ni dhehebu gani. Walinipa uji na mkeka. Mke wake aliponiuliza nina watoto wangapi, nikasema sina, akanipa pole kwa sauti ya chini hata nikajiona kama maiti mimi mwenyewe.

Jumatano, saa nne asubuhi, nilikuwa mbele ya kikale. Nilitazamia nyumba kubwa ya msonge ya nyasi, kumbe ni nyumba ya matofali yenye mabati yaliyoshika kutu na baraza pana, iliyojengwa kwa Mukama wa mwisho enzi za wakoloni. Machifu walipoondolewa iligeuzwa ghala la kahawa, kisha mahakama ya mwanzo. Wakati wa vita vya Kagera wanajeshi walilala humo. Juu ya mlango sasa kulikuwa na kibao: CHUMBA CHA SANAA, WOTE MNAKARIBISHWA. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa mkaa: Vua viatu.

Msimamizi alitoka amevaa koti la sufi juu ya kanzu. Jina lake Mzee Baltazari. Baba yake alikuwa mtunza ngoma wa Mukama, na yeye alizungumza kama anayepokea wageni kwa niaba ya mtu aliyelala chumba cha ndani.

"Umetoka mbali?"

"Isingiro, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umetuletea nini?"

Nikampa kopo. Akalifungua, akanusa, uso ukamlainika. "Miaka mingapi mgeni hajaja na senene humu," akasema. "Wanakuja na kamera." Akanionyesha mlango wa kushoto, wanamopita wanawake. Nikavua viatu vyangu vyenye tope, nikaingia.

Ndani sakafu yote ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi, zile nyembamba zenye harufu nzuri wanazotandika Wanyambo mgeni wa heshima anapokuja. Picha zilikuwa zimetundikwa kutani juu ya nyasi hizo: ng'ombe wa pembe ndefu waliochorwa na wanafunzi wa sekondari kwenye mbao laini, Ziwa Victoria lenye buluu kali mno, Mukama aliyechorwa na mtu ambaye kwa kweli hakuwahi kumwona. Kulikuwa na mikuki, vigoda, vibuyu vya maziwa, na ngoma moja kubwa chini ya kitambaa cheupe. Mabati yalivuja. Ndoo tatu zilikaa katikati ya nyasi zikipokea matone, moja ikiwa karibu kabisa na ngoma. Hapakuwa na mgeni mwingine. Mwanamke mnene wa makamo alikuwa amepiga magoti mbele ya ngoma, nikadhani anasali. Kumbe alikuwa akitandaza nyasi, ila hapo mbele ya ngoma alitandaza kwa magoti, kwa sababu mbele ya ngoma hiyo mwanamke hasimami.

"Huyo ni Leokadia," alisema Mzee Baltazari. "Ndiye anayeitunza nyumba. Bila yeye, tungekuwa tumeliwa na mchwa."

Nikauona ubao. Ulikuwa ukuta wa mwisho, peke yake, chini ya dirisha. Niliutambua kwa matundu ya bawaba na kovu la pale ndama wetu alipoutafuna. Nikausogelea, na nilipofika hatua mbili kutoka kwake nikasikia harufu. Samadi mbichi. Ubao wa miaka mitano hauwezi kunuka samadi mbichi.

Nikautazama vizuri. Nyeusi yake ilikuwa inang'aa. Nyeupe yake ilikuwa chokaa. Na matuta, Mungu wangu, matuta yalikuwa manene kama ya viazi vitamu, yamepinda, mengine yamepasuka katikati kama visigino vya mtu wa kiangazi. Mama hakuwahi kusimamisha tuta kama lile hata siku aliyokuwa na malaria.

"Umeuona?" Leokadia alikuwa amesimama nyuma yangu, anafuta mikono kwenye kanga, anatabasamu. "Ulikuwa umechakaa, waitu. Unamomonyoka, rangi imekufa. Wiki iliyopita walikuja wageni kutoka mkoani. Ukuta wa kikale haukai umepasuka mbele ya mgeni. Kwa hiyo nikausiriba upya. Nilikesha nao."

Hapo lazima mnielewe, na kama hamtaki basi. Alichofanya Leokadia ndicho anachofanya kila mwanamke wa huku. Mgeni akija, unatandika nyasi, unasiriba ukuta, unapaka sakafu samadi mpya. Ukuta wa samadi usiposiribwa ni aibu ya mwenye nyumba. Yeye hakuona picha. Aliona kipande cha ukuta wa mtu, kimepasuka, ndani ya nyumba ya mfalme, na wageni wako njiani. Leo nayajua yote haya. Siku ile sikuyajua, au niliyajua sikuyataka.

"Nani kakwambia uguse?" nikasema.

"Eeh?"

"Nani kakutuma? Una akili wewe? Hii ni kazi ya mama yangu! Mama yangu amekufa! Ndiyo iliyobaki, moja, dunia nzima, na wewe umeipaka mavi yako juu!"

"Polepole, mama," alisema Mzee Baltazari kutoka mlangoni. "Humu hapapigwi kelele."

Nikazidi kupiga. Mdomo wangu nimepewa na Mungu na sijawahi kujua kuufunga kwa wakati. Nilimwita Leokadia mshamba, nikamwita mchawi wa mikono, nikamwuliza kama picha za ng'ombe nazo anazikamua. Nikaweka ukucha kwenye pembe ya ubao nikakwangua, nikitafuta mama yuko chini kiasi gani. Kikabanduka kipande kidogo kama ukucha wa dole gumba. Tabaka jipya na la zamani yalitoka pamoja, yameshikana, na chini yake palikuwa na mbao tupu. Nikaacha kukwangua.

Leokadia alikuwa analia, lakini hakuondoka. Alikuwa anakitazama kile kipande kiganjani mwangu.

"Nisamehe, dada yangu," alisema. "Sikujua una mwenyewe. Mimi nilijua ni wa kikale." Kisha akauliza, kwa unyenyekevu kabisa, bila hila yoyote: "Basi nionyeshe alivyochanganya. Yangu inapasuka ikikauka. Nimejaribu mara tatu, na majivu mengi, na majivu kidogo, bado inapasuka. Yake ilikuwa haipasuki, ilimomonyoka tu pembeni. Nionyeshe, nitaitoa yote niirudishe kama alivyoifanya yeye."

Nikafungua mdomo nimjibu.

Najua palikuwa na majivu ya maganda ya ndizi. Najua kulikuwa na utomvu wa mmea fulani uliokuwa ukichemka kwenye chungu kidogo, na najua ulinuka, kwa sababu nilikuwa kwenye cherehani nikimpigia mama kelele autoe nje. "Mama, wateja wangu wanaziba pua!" Mmea gani, sijui. Uchemke mpaka lini, sijui. Aliponiita, "Domi, njoo ushike hapa nikuonyeshe," nilisema mikono yangu ina kitambaa cheupe cha bibi harusi. Vestina alikuwa ameolewa mbali miaka ile. Mimi ndiye niliyekaa na mama nyumba moja, na mimi sijui kitu.

"Sijui," nikamwambia Leokadia.

"Hujui?"

"Sijui."

Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Mzee Baltazari alituketisha barazani. Akaleta kitabu chake kikubwa chenye jalada la kitambaa, akakiweka magotini, akalamba ncha ya kalamu. Alisema ubao ulikuwa umeandikwa "fundi hajulikani", kwa sababu Bwana Utamaduni aliyeuleta alihamishwa na karatasi zake. Nikamtajia jina la mama, herufi kwa herufi, akaliandika. Akauliza alizaliwa wapi, alikufa lini. Akaandika.

"Bwana Utamaduni mpya ameniagiza kila fundi nimwulize jambo hili," alisema. "Kazi zake nyingine ziko wapi? Wanataka kuja kupiga picha."

Leokadia alikuwa ameketi ngazini, macho mekundu kwa sababu yangu. Ningeweza kusema nyumba iliporomoka. Nyumba ngapi huporomoka masika!

"Ziko chini ya saruji," nikasema. "Sebule nzima. Niliipigisha lipu mimi mwenyewe, mama akiwa hai, hakuwepo nyumbani."

Kalamu ya mzee ilisimama. Akaacha mstari ule mtupu akafunga kitabu. Leokadia aliinuka akaingia ndani. Nikajua sasa zamu yake imefika, atanirudishia matusi yangu moja moja, na nilikuwa tayari kuyapokea. Alirudi na maji ya kunywa kwenye kibuyu, akanipa kwa mikono miwili.

Mchana huohuo Mzee Baltazari aliniazima ubao. Nilikuwa nimeshaeleza habari za misa, naye akasema kazi ya fundi haiwezi kukosa msiba wa fundi. Nikaweka sahihi. Leokadia akanisaidia kuufunga kwenye kanga yangu, akanitwika, nikateremka kilima kuelekea Igurwa.

Nikiwa njiani hesabu ilijipanga kichwani yenyewe. Vestina hajauona ubao huu miaka mitano. Macho yake si mazuri. Nikiuweka kanisani, mbali kidogo, kwenye giza la altareni, nani atajua? Atalia, atanikumbatia, lipu imekwisha. Wala sitakuwa nimesema uongo, maana ubao ni uleule, na mama kweli yumo, chini. Nilitembea karibu nusu saa na maneno hayo, yakizidi kuwa matamu.

Kwenye kijito kabla ya Igurwa nikautua, nikakaa juu ya jiwe, nikafungua kanga. Nikaona Vestina anavyofanya siku zote: hataangalia kwa mbali. Atausogelea, ataweka viganja vyote viwili juu ya matuta, atafumba macho, atasema "mama". Na chini ya viganja vyake kutakuwa na vidole vya Leokadia. Atakuwa anambembeleza mtu mwingine, nami nimesimama pembeni natazama, najua. Na hatajua maisha yake yote.

Nikafunga kanga, nikajitwika, nikageuka nikapanda kilima tena. Mvua ilianza nikiwa katikati. Nilivua gauni la juu nikaufunika ubao nalo, nikabaki na gagulo, mwanamke wa makamo barabarani, watu wakinitazama kama kichaa. Nani alinijali. Leokadia alinipokea barazani. Tukautundika pamoja mahali pake, yeye upande ule, mimi upande huu.

Ijumaa jioni nilirejea Isingiro, nimelowa, nakohoa. Vestina alikuwa sebuleni kwangu. Alikuwa ametandika meza shuka jeupe la mama, amelipiga pasi, amesogeza viti ili ubao upate nafasi. Akatazama kichwani pangu, kisha nyuma yangu mlangoni, kama huenda kuna mtu aliyenibebea.

"Uko wapi?"

Nikamweleza. Sikuficha kitu, hata yale ya kijito. Nilimweleza nimesimama, maji yakinidondoka sakafuni, naye amekaa, mikono juu ya shuka. Nilipofika kwa Leokadia nikaona nijikaze nimtetee. Nikasema si mtu mbaya, alidhani anautunza, alikesha akiupaka, hakujua ni nini.

Vestina akalikunja shuka mara mbili, tatu, nne, mpaka likawa dogo.

"Yule hakujua," alisema. "Wewe ulijua."

Akalitia shuka kwapani akaenda kwake. Hakusema neno la lipu. Hakuhitaji.

Misa ilisomwa Jumamosi. Padri alisema maneno mazuri juu ya mama wa Kikristo, Vestina akiwa benchi la kwanza na mimi la mwisho karibu na mlango, na hivyo ndivyo tunavyokaa mpaka leo. Tunasalimiana. Akiugua nampelekea uji. Tangu Jumatano ile nimechoma maganda ya ndizi na kukamua kila mmea uliopo nyuma ya nyumba, nimechemsha, nimechanganya, nimesimamisha matuta kwenye vipande vya mbao. Yanapasuka yote. Nimewauliza wanawake waliotoka ng'ambo, wanasema kila mmoja kwao alikuwa na mchanganyiko wake, na wa mama yangu wanaukumbuka, ulikuwa haupasuki, lakini siri yake alikuwa nayo mwenyewe. Haikuwa siri. Alikuwa ananiita nishike hapa anionyeshe.

Msinipe pole, sikuandika haya ili nipewe pole. Wewe ambaye mama yako yu hai, yuko jikoni sasa hivi anakoroga kitu chake kinachonuka, weka karatasi hii chini. Kamwulize anachanganya nini.